UZI: Vibao na mawe ya kumbukumbu Mombasa – yanasema nini, yanakosea wapi, na namna ya kuweka kipya kikadumu

#1 MvitaKongwe

Assalaam aleikum wana Mvita, na wageni wa mji karibuni. Vikundi vya mitaa, shule na kamati za misikiti vinazidi kutaka kuweka vibao vya historia kando ya barabara. Ni jambo la kheri. Ila vibao hufa kwa njia mbili: maneno yanadai zaidi ya yanayojulikana, au chumvi ya bahari inakila chuma na kibao kikaanguka. Uzi huu ni wa kushughulikia yote mawili, kwa hiyo mafundi na wasomaji wa nyaraka tukutane hapa.

Naanza na mfano unaojulikana na kila mtu: mapembe ya Moi Avenue, enzi hizo Kilindini Road, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu juu ya barabara. Utasikia mtaani, na utaisoma kwenye karatasi za watalii, kwamba Malkia Elizabeth alipita chini yake 1952. Hakupita. Elizabeth, akiwa bado binti mfalme, alifika Nairobi mwanzoni mwa Februari 1952. Mpango ulikuwa ateremke Mombasa apande meli ya Gothic, iliyokuwa ikimsubiri bandarini. Tarehe 6 Februari babake akafariki, naye akarudi Uingereza kwa ndege kupitia Nanyuki na Entebbe. Mgeni wa kifalme aliyefika Mombasa kwa ziara rasmi miaka hiyo ni nduguye, Margaret, mwaka 1956.

Sasa angalia tofauti. "Yalitengenezwa kwa ajili ya ziara ya 1952" ni sentensi moja. "Alipita chini yake 1952" ni sentensi nyingine, na hii ya pili ni uongo hata ikichongwa kwenye jiwe. Kitenzi kimoja tu kimeharibu kibao kizima. Kabla hamjaenda kwa mchongaji, chukueni maandishi yenu, pigeni mstari chini ya kila kitenzi na kila tarehe, na kando yake mwandike mmeitoa wapi. Kitenzi kisicho na asili kitoke, au kibadilishwe kiwe "inasimuliwa kuwa".

#2 LangoLaNgome

Nyongeza kwa shekhe hapo juu. Watu wanadhani vibao vililetwa na Mwingereza. Juu ya lango la Ngome ya Yesu lipo jiwe la Kireno la mwaka 1639, nalo ndilo darasa bora la somo hili. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linataja kwamba aliijenga upya ngome, akawatiisha wafalme wa pwani wakalipa ushuru, akaiadhibu miji ya Pate na Siyu na kubomoa kuta zao, akawapiga na watu wa bara.

Jiwe halisemi kwa nini ngome ilihitaji kujengwa upya. Sababu ni Yusuf bin Hassan. Babake, Sultani Hassan, aliuawa 1614 kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa jina la Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao. Tarehe 16 Agosti 1631 akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuitwaa ngome. Wareno walikuja kuizingira mwanzo wa 1632 wakashindwa. Mwaka huohuo yeye mwenyewe akaiacha, akaondoka kwa bahari, na akafa 1638 upande wa Bahari ya Shamu.

Kwa hiyo jiwe la 1639 ni kauli ya aliyelilipia. Na bado lina thamani kubwa, maana lina tarehe, lina jina, na liko palepale lilipokusudiwa. Likihitaji kusahihishwa, kuling'oa si njia. Weka kibao cha pili, pembeni, kisiguse lango, kiseme habari ya 1631. Na kwenye hicho cha pili msimwite Yusuf "shujaa" wala "mwasi". Andikeni alichofanya, lini, kwa nani. Msomaji ana akili.

#3 KisauniLine11

Swali. Kikundi cha vijana upande wa Kisauni kinataka kibao karibu na ule mnara wa kengele wa Freretown, stegi ya Kengeleni. Maandishi waliyonayo yanasema: "Hapa ndipo utumwa ulipokomeshwa mwaka 1873 na Sir Bartle Frere, aliyejenga mji huu." Wanataka Kiswahili na Kiingereza. Yako sawa? Na yawe na maneno mangapi?

#4 MvitaKongwe

Hayako sawa, ndugu yangu. Yana makosa matatu katika sentensi moja.

Kwanza, mkataba wa Juni 1873 ulitiwa saini Zanzibar na Sultani Barghash. Ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko ya watumwa. Haukumwachilia mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Kwenye pwani hii hali ya utumwa kisheria iliondolewa 1907. Kati ya hapo pana miaka 34, na watu waliishi na kufa watumwa ndani ya miaka hiyo. Kibao kinachosema "ulikomeshwa 1873" kinawafuta.

Pili, Frere aliongoza ujumbe wa mazungumzo na kituo cha kuwapokea waliokombolewa, Freretown, kikapewa jina lake, lakini aliyekianzisha si yeye. Walikianzisha watu wa shirika la kimisheni la Kianglikana, CMS. W. S. Price aliletwa kwa kazi hiyo mwishoni mwa 1874, na kituo kikaanza 1875.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, wamewasahau Wabombay. Hao ni Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa wadogo, wakalelewa Nashik, India, kisha wakaletwa pwani. William Jones, Ishmael Semler na George David walikuwa wakifanya kazi upande huu na Rabai tangu miaka ya 1860, kabla Freretown haijakuwapo. Kibao cha Freretown kinachomtaja Frere pekee kimemtaja mtu asiyewahi kuishi pale na kuwaacha walioishi.

Habari ya kwamba kengele ililizwa kuwaonya watu kwamba wavamizi wanakaribia ni masimulizi. Masimulizi yana haki ya kuwa kwenye kibao, mradi yaitwe masimulizi. Mimi ningeandika hivi:

"FRERETOWN. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1875 na shirika la CMS kuwapokea watu waliokombolewa kutoka vyombo vya biashara ya watumwa, baada ya mkataba wa 1873 kati ya Sultani Barghash wa Zanzibar na Uingereza. Kimeitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyeongoza ujumbe wa Uingereza. Miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo walikuwa Wabombay, Waafrika waliolelewa Nashik, India. Wenyeji wanasimulia kuwa kengele hii ililizwa kuwaonya watu kwamba wavamizi wanakaribia."

Hayo ni maneno chini ya 70. Kwa kila lugha, 100 ndiyo dari. Mtu aliyesimama juani kando ya barabara ya Malindi, matatu zikimpulizia moshi, hasomi zaidi ya hapo. Kiswahili kiwe juu, Kiingereza chini, na ukubwa wa herufi uwe mmoja.

#5 FundiChokaa

Maneno yamekaa sawa, sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Herufi: kila mita moja ya umbali inataka milimita 3 za urefu wa herufi, na hicho ni kiwango cha chini. Msomaji akisimama mita 1.5, hesabu inatoa karibu milimita 5, lakini wazee wengi husoma bila miwani, kwa hiyo wekeni milimita 9 hadi 10. Kichwa kinachosomwa kutoka ng'ambo ya barabara, tuseme mita 12, hesabu inatoa 36. Wekeni 50. Maandishi ya #4 katika lugha mbili kwa herufi za milimita 10 yanaenea vizuri kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 60, pamoja na kichwa na pambizo ya sentimita 5 kila upande.

Ubao: kwa Mombasa mimi nasema itale (graniti) nyeusi, unene milimita 20, herufi zichongwe kwa kina cha milimita 2 hadi 3 na kujazwa rangi nyeupe. Uzito wake ni karibu kilo 20, watu wawili wanaubeba. Rangi ikififia, unaijaza tena, maana herufi ziko palepale. Stika za plastiki zilizobandikwa juu ya bati msiziguse. Jua letu linazimaliza, na rangi nyekundu ndiyo hutangulia kuondoka. Ndiyo sababu unaona vibao ambavyo kichwa kimetoweka na maandishi meusi yamebaki.

Marumaru nyeupe ni nzuri kwa macho lakini ni jiwe la chokaa. Moshi wa magari na mvua hulila taratibu, kingo za herufi zikawa butu.

Nguzo: bomba la mraba la chuma, milimita 50 kwa 50, unene 3, lililochovywa zinki baada ya kuchomelewa, si kabla. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Fundi ananunua bomba lililokwisha kuchovywa, analichomelea, moto unaunguza zinki kwenye kiungo, na kutu inaanzia hapohapo. Kama hakuna pa kuchovya, safisheni kila kiungo kwa brashi ya waya, pakeni rangi ya zinki mikono miwili, ndipo rangi ya juu.

Shimo: 30 kwa 30, kina sentimita 60, moja kwa kila nguzo. Zege la 1:2:4, yaani fungu 1 la simiti, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 unatosha mashimo mawili na kubakisha kidogo. Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi ikikaa ndani ya zege inakula chuma kutoka ndani, zege likapasuka kwa sababu kutu hutanuka. Uso wa zege uinuke sentimita 5 juu ya ardhi na uteremke kutoka kwenye nguzo, maji yasituame. Limwagilieni siku 7 kabla ya kuweka mzigo.

#6 KibokoniJuu

Fundi, kwa nini si bronzi? Ukumbusho wa askari pale Jomo Kenyatta Avenue una sanamu za bronzi za miaka ya 1920 na bado zimesimama.

#7 FundiChokaa

Bronzi kama chuma haina tatizo, inastahimili bahari kuliko karibu kila kitu. Tatizo ni wezi. Sanamu kubwa mtu hawezi kuibeba usiku, bali kibao cha kilo 6 kinang'olewa kwa bisibisi na asubuhi kiko kwa muuza skrapu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, ikafunguliwa tena Mei mwaka huohuo, na tangu hapo kuna masharti ya leseni. Itale haina bei kwenye mizani ya skrapu, nayo ndiyo kinga yake.

Jambo la pili ni metali mbili kugusana. Kibao cha shaba kikifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, hewa ya chumvi inageuza pale kuwa betri: skrubu inaliwa, kibao kinabaki. Siku moja kinaanguka na watu wanadhani kimeibwa. Skrubu ziwe stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 inayouzwa madukani inatoa madoa ya kutu karibu na bahari. Muulizeni muuzaji, na kwenye kichwa cha bolti mtafute alama ya A4.

#8 BintiMakadara

Umetajwa ukumbusho wa askari, nisiache upite hivihivi. Ni wa Vita Kuu ya kwanza, 1914–1918, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi na Dar es Salaam pia zina kumbukumbu za namna hiyo.

Ila tazama kisichokuwapo: majina. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na hakuna jina la hata mmoja pale. Kama kuna familia za pwani zenye majina ya waliochukuliwa, yaandikwe sasa, na yapelekwe maktaba ya Ngome ya Yesu au kwenye taasisi ya utafiti wa Uswahili, RISSEA. Kibao cha majina kinaweza kungoja. Orodha haiwezi.

Na kuna yale ambayo mji umeyapitia na hupati hata jiwe la kuyaeleza mahali yalipotokea. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulianza tarehe 13 na ukaisimamisha bandari, reli, mahoteli na nyumba za wakubwa. Kutoka humo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia aliyeliongoza akakamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Makuli wa Kilindini walistahili jiwe zamani.

#9 LangoLaNgome

Dada amesema kweli tupu. Naongeza mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Alikuwa sauti ya Mombasa wakati wa Wamazrui, ukoo uliotawala mji, mpaka Sultani Seyyid Said alipoutwaa 1837. Mji wenye mshairi wa kiwango hicho haupaswi kumwachia wasomi wa vyuo peke yao.

Kwa wanaosoma tarehe za Kihijria kwenye misikiti na makaburi: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, jumlisha 622. Mfano 1110: 1110 × 0.97 = 1076.7, ukijumlisha 622 unapata 1698.7. Hesabu hii inaweza kupotoka kwa mwaka mmoja, na mwaka wa Hijria huangukia miaka miwili ya Miladi, hivyo bila mwezi andikeni "1698/99". Mkiwa na mwezi mnaweza kubana. Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, na hiyo inaingia sawasawa ndani ya 1110. Kwenye kibao wekeni tarehe zote mbili, ile ya jiwe kwanza.

#10 TudorCreek

Ruhusa je? Kikundi kimoja kilisimamisha kibao, kikang'olewa siku ya tatu.

#11 BintiMakadara

Hilo hutokea kwa sababu watu wanaomba ruhusa kwa mwenye historia na kumsahau mwenye ardhi. Anzeni kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu ya kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa; nyingine za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au za kaunti. Hifadhi ya barabara ni yao hata kama mmepanda maua hapo. Wapelekeeni barua, mchoro wenye vipimo, ramani ya mahali, na umbali kutoka ukingo wa lami. Kama kibao kinaingia ndani ya ua wa kanisa, msikiti au shule, hata kwa mita moja, mambo hurahisika sana: mnahitaji idhini ya mwenye ua, na kibao kinapata mlinzi bure.

Likiwa jengo au eneo lililotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, inaingia Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Huko hamtoboi ukuta bila ofisi ya uhifadhi kuona mchoro.

Nguzo ya Mbaraki nayo izingatiwe kwa adabu. Ile ni nguzo ya mawe ya karne kadhaa, karibu mita 14, na kuna watu wanaokwenda pale na ubani na marashi mpaka leo. Kibao kisimame mbali kiasi cha mtu kuiona nguzo nzima bila ubao mbele yake, na kisiwakatie njia wanaokwenda kwa niya zao.

Mahali penyewe: chagueni pale mtu anaposimama bila kuingia barabarani. Kwenye mapembe watu wanapiga picha wakiwa katikati ya magari. Kibao hapo kingewaongeza.

#12 KibokoniJuu

Na ukuta wa mawe ya matumbawe? Nyumba nyingi Ndia Kuu na Kibokoni, huko Mji wa Kale, hazina nafasi ya nguzo. Ni ukuta tu.

#13 FundiChokaa

Toboeni kiungo cha chokaa kati ya mawe, msitoboe jiwe lenyewe. Kiungo kinazibika tena, jiwe la matumbawe likishapasuka limepasuka. Drili izimwe kugonga, izunguke tu. Matundu manne ya milimita 10, kina 80, pulizeni vumbi lote litoke, kisha pini za stenlesi 316 za milimita 8 na gundi ya epoksi. Acheni nafasi ya milimita 10 kati ya kibao na ukuta, hewa ipite na maji yateremke. Kibao kilichobanwa kwenye ukuta wa matumbawe kinafungia unyevu nyuma yake, na lipu inaanza kuvimba.

Ukuta kama huo ubao wa kilo 20 hauufai. Chongesheni wa sentimita 30 kwa 30, kilo 5, wenye lugha moja na maneno 30.

Kuziba na kurekebisha ni kwa chokaa, fungu 1 la chokaa kilichozimwa kwa 3 za mchanga wa mto. Msitumie simiti hata kidogo. Simiti ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui, chumvi inakusanyika nyuma yake, ikikauka inakuwa fuwele zinazosukuma uso wa jiwe likabanduka kama magamba. Ukiona nyumba ya kale iliyopigwa lipu ya simiti na chini inamomonyoka unga, ndiyo sababu. Chokaa nacho kina haki yake: kifunikeni magunia yaliyolowa siku 7. Wakati wa kaskazi upepo na jua vinakikausha upesi mno, kinapasuka, basi wekeni kivuli. Masika muiepuke kabisa.

#14 TudorCreek

Usafishaji? Kuna kamati inataka kuosha jiwe la zamani kwa asidi ya kusafishia vyoo ili ling'ae kabla ya sherehe.

#15 FundiChokaa

Wazuieni leo. Asidi inayeyusha chokaa. Kwenye marumaru au matumbawe itaondoka na uchafu pamoja na herufi. Maji safi, sabuni isiyo kali, brashi laini ya nailoni, kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isiingie kwenye jiwe kavu, kisha suuza kwa maji mengi ya bomba. Maji ya kisima cha chumvi hapana. Ukungu mweusi ukibaki, rudieni baada ya wiki, msikwangue.

Bronzi isisuguliwe ing'ae. Ile rangi ya kahawia au kijani iliyotulia ndiyo ngozi yake. Ioshwe, ikauke kabisa, ipakwe nta nyembamba kwa kitambaa mara moja kwa mwaka, baada ya mvua za masika kuisha. Vumbi la kijani hafifu linalorudi baada ya kufuta, tena kwa madoa madogo yenye vishimo, hiyo ni chumvi inakula. Hapo mwiteni mtaalamu wa Makavazi, msijaribu wenyewe.

#16 KisauniLine11

Shukrani wakubwa. Vijana wamekubali maandishi ya #4. Wameuliza tu kama wadhamini wawekwe kwenye kibao.

#17 MvitaKongwe

Wawekwe chini kabisa, mstari mmoja, herufi za milimita 5, pamoja na mwaka wa kuwekwa kibao. Mwaka huo ni muhimu kuliko wadhamini: atakayesoma baadaye atajua maneno yaliandikwa lini na watu wa zama zipi. Nembo za kampuni na picha za wanasiasa zisiingie, kwa sababu kiongozi akibadilika kibao hung'olewa naye. Nakala ya maandishi, pamoja na ile karatasi yenye asili ya kila sentensi, mpeleke maktaba ya Ngome na moja mwachie mwenye ua.

Kabla ya kuchonga, chapisheni maandishi kwenye karatasi ya ukubwa uleule, mbandike mahali pale kwa wiki mbili na nambari ya simu ya kikundi. Wazee wa mtaa watasoma na watasahihisha. Kwenye karatasi kosa la jina la ukoo au la mtaa linafutika kwa kalamu, kwenye itale mtanunua jiwe jingine.